Nionyesheni Kumbukumbu ya Mnyoo Kwanza

Mwanamke mmoja wa miaka 45 alifanyiwa upasuaji wa kifafa. Ili kuifikia sehemu yenye kasoro, ndani kabisa ya ubongo, madaktari walilazimika kuondoa kijisehemu kilichokuwa juu yake. Kijisehemu hicho hakikutupwa. Kiliwekwa kwenye kemikali haraka, kikafika maabara ya Jeff Lichtman katika Chuo Kikuu cha Harvard, na hapo kikakatwa vipande zaidi ya 5,000, kila kimoja kikiwa na unene wa nanomita 30 na ushee. Kila kipande kikapigwa picha kwa darubini ya elektroni. Upigaji picha peke yake ulikula siku 326. Kisha kompyuta za Google zikapewa kazi ya kuziunganisha picha hizo, kuufuata kila uzi wa neva kutoka kipande kimoja hadi kingine, mpaka ikapatikana ramani.

Matokeo yalichapishwa Mei 2024 kwenye jarida la Science: seli 57,000 hivi, sinapsi (maungio ambayo seli za neva hupitishiana ishara) zipatazo milioni 150, na data ya petabaiti 1.4, yaani terabaiti 1,400. Yote hayo kutoka kwenye kinyama chenye ukubwa wa nusu punje ya mchele.

Sasa waulize wenye ramani hiyo: yule mama alikuwa anaongea lugha gani nyumbani? Alisomea nini? Ana watoto? Alimpenda nani, alimwogopa nani? Ramani haina jibu hata moja. Hata huo ugonjwa wake, watu wanaujua kutokana na faili la hospitali. Watafiti walikuta nyuzi za neva zilizojiviringisha mafundo mafundo, umbo ambalo hawakulitarajia, na wakashindwa kusema kama limeletwa na kifafa, au dawa za kifafa, au kama kila mmoja wetu anayo mafundo hayo kichwani na hakuna aliyewahi kuchungulia.

Naanza na mama huyu kwa sababu kuna watu wanataka kufanya biashara ya ramani kama hizi.

Mwaka 2018 kampuni changa ya Marekani iitwayo Nectome ilijitokeza hadharani na mpango wake. Mtu mwenye ugonjwa usiopona, akiwa bado hai, na akitumia sheria ya California inayomruhusu mgonjwa wa namna hiyo kusaidiwa kufa, angelazwa na kuunganishwa na mashine ya kuzungusha damu, kisha mishipa mikubwa ya shingo ipitishiwe kemikali za kuukaza ubongo. Kampuni haikuficha: yenyewe ilisema utaratibu huu unaua kwa asilimia 100. Ubongo ungehifadhiwa kwenye baridi kali kusubiri siku ambayo utaskaniwa hadi sinapsi ya mwisho, na mwenyewe aamke ndani ya kompyuta. Kuingia kwenye foleni ilikuwa dola 10,000, zinazorudishwa ukighairi. Watu 25 walijiandikisha, akiwemo Sam Altman, huyu huyu wa ChatGPT. Aprili ya mwaka huo chuo cha MIT, kilichokuwa na ushirikiano wa utafiti na kampuni hiyo, kikajitoa. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya kisayansi kuliko ya kimaadili: elimu ya neva haijafika mahali pa kujua kama njia yoyote ya kuhifadhi ubongo inatunza molekuli zote zinazohusika na kumbukumbu na akili.

Kelele za wakati ule zilitulia, ila wazo lenyewe halikufa. Limepata nguvu zaidi, na lililolipa nguvu ni maabara, wala si matangazo.

Oktoba 2024 kundi la kimataifa lililoongozwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton lilichapisha ramani kamili ya ubongo wa nzi wa matunda aliyekomaa: niuroni, yaani seli za neva, 139,255 na miunganisho zaidi ya milioni 50. Aprili 2025 ikafuata ramani ya milimita moja ya ujazo ya ubongo wa panya, kutoka eneo la kuona. Kazi hii ya pili ndiyo iliyonivua kofia. Panya yule, akiwa hai katika Chuo cha Tiba cha Baylor, alionyeshwa vipande vya video huku darubini ikirekodi ni niuroni zipi zinawaka na lini. Baadaye sehemu ile ile ya ubongo wake ikapelekwa Taasisi ya Allen, Seattle, ikakatwa vipande karibu 28,000. Ukataji ulikwenda siku 12 mfululizo, usiku na mchana, watu wakipokezana zamu mbele ya mashine, kwa sababu vipande vichache vikipotea kwa kufuatana, nyuzi zinakatika kwenye ramani na kazi yote inaharibika. Walipomaliza walikuwa na seli 200,000, sinapsi milioni 523, na kilomita nne za nyuzi za neva zilizojikunja ndani ya milimita moja.

Francis Crick, mmoja wa wagunduzi wa umbo la DNA, aliandika mwaka 1979 kwamba hakuna maana kuomba yasiyowezekana, na mfano alioutoa ulikuwa huo huo: mchoro kamili wa nyaya za milimita moja ya ujazo ya ubongo. Miaka 46 baadaye mchoro upo, na unaweza kuufungua kwenye kompyuta yako ukauzungusha kwa kidole. Kwa hiyo mimi simo katika kundi la wanaosema haiwezekani. Kundi hilo limeumbuka mara nyingi, na mwenye akili hajiungi na timu inayofungwa kila msimu.

Tatizo langu liko kwingine. Kila fanikio nililolitaja hapo juu linamsoma kiumbe kwa jumla yake: nzi jinsi nzi walivyo, panya jinsi panya walivyo. Anayelipa ahifadhiwe halipii binadamu kwa jumla. Analipia yeye: jina la bibi yake, wimbo wa darasa la kwanza, ile aibu ya mwaka fulani ambayo hajamsimulia mtu. Kati ya kusoma aina ya kiumbe na kumsoma mmoja wao kuna bonde, na sijaona daraja likijengwa hapo kwa kasi inayolingana na kasi ya matangazo.

Mchukue nzi. Mwaka 2024 watafiti walichukua ramani yake, wakatengeneza programu rahisi inayoigiza niuroni zote, wakaziwasha zile zinazoonja sukari. Programu ikabashiri ni niuroni zipi zitaitikia na kuunyoosha mdomo wa nzi. Wakaenda kwa nzi walio hai, wakapima, na ubashiri mwingi ukakutwa ni sahihi. Ni kazi ya kupigiwa makofi, maana inathibitisha kwamba kutoka kwenye umbo lililokufa unaweza kubashiri tendo la kiumbe hai. Lakini kila nzi hunyoosha mdomo akionja sukari. Amezaliwa nalo hilo. Nzi huyo huyo maabara wanaweza kumfundisha kuikimbia harufu fulani kwa kumpiga shoti ya umeme kila anapoinusa, naye hukumbuka. Harufu gani? Hicho ndicho ambacho ramani ingepaswa kutuambia kama kweli ina mwenyewe ndani yake, na hapo ndipo inanyamaza.

Mnyoo ni ushahidi mzito zaidi, kwa sababu umri wake kwenye uwanja huu ni mkubwa. Sydney Brenner, mzaliwa wa Germiston, Afrika Kusini, alimchagua mnyoo mdogo aitwaye Caenorhabditis elegans kwa kuwa ni mwangavu, anazaliana haraka, na ana niuroni 302 tu. Yeye na wenzake wa Cambridge walitumia miaka zaidi ya kumi kukata, kupiga picha na kufuata nyuzi kwa mkono, kwa kalamu za rangi juu ya karatasi, mpaka mwaka 1986 wakachapisha ramani ya kurasa 340. Mnyoo huyu naye ana kumbukumbu. Akilelewa kwenye joto fulani penye chakula, ukimweka baadaye mahali penye joto la viwango tofauti atajisogeza kulitafuta lile la malezi yake. Tangu 2011 kuna mradi wa wazi, OpenWorm, unaojaribu kumjenga ndani ya kompyuta. Niuroni 302, ramani ya tangu 1986, kompyuta ambazo Brenner hakuziota. Na bado hakuna anayeweza kuuchukua mwili wa mnyoo aliyekufa, akachora nyaya zake, akasema: huyu alilelewa kwenye nyuzi 20, yule kwenye 15.

Kwa nini? Sehemu ya jibu ilikuja mwaka 2023, pia kutoka Princeton. Watafiti waliziamsha niuroni za mnyoo kwa mwanga, moja baada ya nyingine, wakatazama zipi nyingine zinaitikia. Walipoyalinganisha matokeo na mchoro wa nyaya, viwili hivyo havikukubaliana mara nyingi. Ishara zilipita mahali pasipo na waya. Seli za neva hazisemezani kwa sinapsi peke yake. Zinamwaga kemikali ndogo za protini zinazosafiri hadi kwa seli za mbali, na darubini ya elektroni haioni safari hiyo.

Eve Marder wa Chuo Kikuu cha Brandeis amekuwa akilisema hili kwa miongo mingi kutokana na tumbo la kaa na kamba. Kifundo cha neva kinachoendesha usagaji wa chakula tumboni mwao kina niuroni 30 tu au pungufu, na nyaya zake zinajulikana. Mwagia kemikali moja, nyaya zile zile zinatoa mdundo huu. Mwagia nyingine, mdundo unabadilika kabisa. Kisha akaonyesha kinyume chake: wanyama wawili wenye mdundo ule ule unaweza kukuta vipimo vya ndani vya seli zao vinatofautiana mara kadhaa. Kumbe mchoro ule ule unaweza kuzaa tabia nyingi, na tabia ile ile ikatoka kwenye mizani tofauti. Anayekuambia kwamba akishapata mchoro wako amekupata wewe, mpe kwanza kazi ya tumbo la kaa.

Upande wa pili nao wana hoja, na si ya kitoto. Wanasema kumbukumbu za muda mrefu haziwezi kuwa umeme unaopita, kwa sababu kuna wagonjwa ambao joto la mwili hushushwa kwenye upasuaji wa moyo hadi umeme wa ubongo unazimika, na wakizinduka bado wanajijua. Lazima basi kumbukumbu imekaa kwenye umbo. Mwaka 2025 jarida la PLOS ONE lilichapisha kura ya maoni ya wanasayansi wa neva 312. Asilimia 70 hivi walikubali kwamba kumbukumbu za muda mrefu zimeshikiliwa zaidi na umbo la kudumu, na walipoulizwa uwezekano wa kuzitoa kwenye ubongo uliohifadhiwa vizuri, jibu la katikati lilikuwa asilimia 40. Namba hiyo si ndogo. Nakiri ilinishtua, nilitarajia watu wangecheka. Lakini isome vizuri. Wanasayansi hao wanasema huenda taarifa imo. Hawasemi kuna anayejua kuisoma, wala imeandikwa wapi: kwenye ukubwa wa sinapsi, kwenye protini zilizo ndani yake, au kwenye vitu ambavyo kemikali ya kuhifadhia imevisomba.

Hiyo kemikali inastahili tuikalie kidogo, maana ndiyo moyo wa biashara yenyewe.

Kuna njia mbili, na wateja wengi huzichanganya. Ya kwanza ni ya zamani: kugandisha maiti au kichwa kwenye naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, kwa matumaini kwamba siku moja tiba itamfufua mtu katika mwili. Ya pili inatumia glutaraldehidi, jamaa wa formalini tunayoijua mochwari ila mkali zaidi. Ikipitishwa kwenye mishipa inazifunga protini pingu kwa pingu ndani ya dakika, kila kitu kinabaki pale kilipokuwa, kisha ndipo baridi inafuata. Njia hii ya pili ndiyo iliyomshindia Robert McIntyre, mwanzilishi wa Nectome, zawadi za Brain Preservation Foundation, taasisi inayohimiza utafiti wa kuhifadhi ubongo: ubongo wa sungura mwaka 2016, wa nguruwe mwaka 2018. Waamuzi waliziangalia picha za darubini wakakuta sinapsi zimetulia vizuri mno.

Gharama yake? Pingu hizo hazifunguki. Ubongo uliopita kwenye glutaraldehidi hauwezi kuishi tena, hata kwa tiba ya miujiza ya karne ijayo. Anayechagua njia ya kwanza amebakiza mlango wa kufufuka katika mwili, ingawa barafu na kusinyaa huenda vimemharibu vibaya. Anayechagua ya pili amefunga mlango huo kwa hiari yake na kuweka kila shilingi kwenye skani. Ndiyo sababu swali la ramani linasoma nini haliwezi kuachiwa wajukuu.

Na hapa kuna kejeli inayonifurahisha. Ushahidi ulio wazi kuliko wote wa kumbukumbu kupona uhifadhi umetoka kwa yule yule mnyoo, na umetoka kwenye njia ya kwanza. Mwaka 2015 Natasha Vita-More na Daniel Barranco waliwafundisha minyoo wachanga harufu fulani, wakawagandisha kwa namna isiyotengeneza barafu, wakawarudisha kwenye uhai, na minyoo hao wakaonyesha bado wanaikumbuka harufu. Safi kabisa. Ila kumbuka kilichosoma kumbukumbu pale: mnyoo mwenyewe, aliye hai. Hakuna mtu aliyesoma chochote.

Tuseme basi siri ya kusoma imepatikana. Ukubwa wa kazi nao si wa kupuuza. Ubongo wa mtu mzima una sentimita za ujazo 1,200 hivi, yaani milimita za ujazo milioni 1.2, na niuroni bilioni 86. Kwa kasi ya Harvard, siku 326 kwa kinyama cha milimita moja ya ujazo hivi, mashine moja ingepiga picha kwa zaidi ya miaka milioni moja. Data ingefika petabaiti milioni 1.7. Mashine zitaongezeka kasi, hilo sina shaka nalo. Kinachonipa shaka zaidi ni uhakiki. Akili mnemba hukosea: inaunganisha nyuzi mbili zisizohusiana, inakata mmoja katikati. Ramani ya nzi ilipitiwa na watu, wanasayansi na wananchi wa kujitolea, na jumla ya kazi yao ilikadiriwa kuwa sawa na mtu mmoja kufanya kazi miaka 33. Ukipiga hesabu ya kulinganisha idadi ya niuroni tu, binadamu mmoja angehitaji uhakiki wa miaka milioni 20 ya kazi. Na niuroni ya mtu ni ndefu na yenye matawi kuliko ya nzi.

Ahueni inaweza kutoka mahali pa ajabu. Mwaka 2015 maabara ya Ed Boyden, MIT, ilionyesha kwamba badala ya kuongeza nguvu ya darubini unaweza kuuongeza ukubwa wa ubongo wenyewe. Wanaingiza ndani yake kemikali ile ile inayofyonza mkojo kwenye pampasi, wanatia maji, na kipande kinavimba zaidi ya mara nne kila upande bila kupoteza mpangilio. Darubini ya kawaida ya mwanga inatosha kuanza kuona yaliyokuwa yamefichika, na zaidi ya hapo unaweza kupaka rangi protini moja moja, jambo ambalo elektroni haziwezi. Matoleo mapya ya mbinu hii yameanza kufuata nyaya za ubongo wa panya sinapsi kwa sinapsi. Kama kuna siku ambayo ramani itakuwa na nyaya pamoja na kemikali zake, nadhani itapitia hapa kwenye pampasi. Boyden ndiye aliyekuwa upande wa MIT katika ule ushirikiano na Nectome uliovunjwa. Dunia ni ndogo.

Halafu kuna mlinzi. Wauzaji wa uhifadhi hupenda kuzungumzia kemia kwa sababu kemia wanaiweza. Swali la nani atalipa umeme mwaka 2190 wanalipitia mbio.

James Bedford, profesa wa saikolojia wa California, ndiye mtu wa kwanza kugandishwa, Januari 1967. Kwa miaka mingi alihamishwa kutoka kampuni hadi kampuni, kuna wakati familia yake ikawa inamjazia naitrojeni yenyewe, mpaka mwaka 1982 alipopokelewa na Alcor, taasisi ambayo sasa iko Arizona. Huyo ni mwenye bahati. Wenzake waliowekwa kwenye chumba cha chini ya ardhi katika makaburi ya Chatsworth, California, waliyeyuka na kuoza katika miaka ya 1970 baada ya fedha za kujaza mitungi kuisha. Kesi ikaenda mahakamani. Wafu hawakuitwa kutoa ushahidi.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana mfano wa nyumbani kuhusu maabara kutunza vichwa vya watu kwa ajili ya sayansi, tena usio wa hiari. Wajerumani walibeba mafuvu kutoka koloni lao la huku, wakayapima, wakayabandika lebo, wakayaweka kwenye makabati. Mkataba wa Versailles ulidai fuvu la Chifu Mkwawa wa Wahehe lirudishwe. Ilikuwa miaka ya 1950 ndipo Gavana Edward Twining wa Tanganyika alipokwenda Bremen, akakuta mafuvu mengi, akachagua moja kwa kulinganisha vipimo na tundu la risasi, na hadi leo kuna wanahistoria wanaouliza kama lile lililoko Kalenga ndilo lenyewe. Septemba 2023 wenye makumbusho ya Berlin walitoa matokeo ya utafiti wa mafuvu zaidi ya 1,100, mengi yakiwa ya Rwanda na mengine ya Tanzania. Kwa kipimo cha vinasaba walipata ndugu walio hai wa machache mno, mmojawapo akiwa Akida, mshauri wa Mangi Meli, mtawala wa Wachaga wa Moshi. Meli mwenyewe, aliyenyongwa Old Moshi mwaka 1900, hakuwa miongoni mwa waliotambuliwa, ingawa mjukuu wake alikuwa ametumia nusu ya maisha yake akimtafuta.

Sifananishi wizi wa mkoloni na tajiri anayejilipia. Ninachotazama ni utunzaji. Hizi zilikuwa taasisi za dola, zenye wasomi ambao kazi yao yote ilikuwa kuandika lebo, katika nchi inayosifika kwa kumbukumbu za ofisini. Karne moja, vita viwili, serikali kadhaa, na hawajui nani ni nani. Kampuni changa yenye wawekezaji wanaotaka faida ndani ya miaka saba inaniambia itamtunza mtu hadi teknolojia ifike? Huko ni kuuziana mbuzi kwenye gunia, na gunia lenyewe limeshonwa.

Lile swali wanalolipenda wanafalsafa, kama nakala iliyo kwenye kompyuta ni mimi au ni pacha wangu anayedai nyumba yangu, naliacha kando. Si kwamba ni dogo. Masheikh na mapadri watakuwa na lao la kusema juu ya roho, na mawakili juu ya urithi. Lakini ni mjadala wa siku ambayo nakala ipo. Kuubishania leo kunamsaidia muuzaji, kwa sababu unaifanya hatua ngumu ionekane imeshapita.

Fedha za skani zenyewe ziendelee kutolewa, tena ziongezwe. Ramani ya kinyama cha yule mama huenda siku moja ikatueleza kifafa kinaanzia wapi, na kifafa kina wagonjwa wengi huku kwetu wanaoishia kufichwa ndani au kuangukia motoni jikoni. Ramani ya panya inaweza kuonyesha nyaya gani zinaharibika kwanza mtu anapoanza kusahau. Faida hizo hazihitaji mtu yeyote afufuke.

Kwa anayeuza uhifadhi, ombi langu ni jaribio moja, na halihitaji karne. Chukua panya 20. Kumi wafundishwe kuogopa mlio, kumi kuogopa mwanga, wote kwenye vizimba vinavyofanana. Wahifadhiwe kwa kemikali ile ile atakayopewa mteja. Mtu asiyehusika achanganye lebo. Kisha wenye darubini wapewe sehemu ya ubongo wanayoitaka, wachukue miaka wanayoitaka, waandike pembeni ya kila namba: mlio, au mwanga. Wakianza na minyoo na viwango vyao vya joto, ni sawa pia, tena ni rahisi zaidi. Kubahatisha kutawapa kumi kati ya 20. Wakipata 18, na maabara nyingine ikarudia ikapata hivyo hivyo, tutakaa chini tuzungumze ile dola 10,000 inanunua nini.